Bakuli Moja la Tambi Tokyo, na Deni Letu kwa Mpishi



Tangu turudi wengi mnatuuliza: "Huko Japani mulikula nini?" Tunajibu leo, kwa sababu jibu linagusa meza yetu ya chakula pale sokoni, na linamgusa mama anayetupikia.

Tulikuwa wawili. Mkutano uliotupeleka Tokyo ulipoisha, tulibaki na siku moja, tukaamua kutafuta rameni. Ni tambi za unga wa ngano ndani ya mchuzi moto. Asili yake ni kwa Wachina, lakini Wajapani wamezifanya zao, na leo ni chakula cha kila mtu anayetoka kazini na njaa. Unga wake hukandwa kwa maji yenye magadi, ndiyo maana tambi hazilegei upesi. Bibi zetu waliochuja majivu ili kupata chumvi ya mboga wangeelewa mara moja.

Tulichagua Nakiryu, restora iliyo karibu na kituo cha gari la moshi cha Otsuka. Katika kitabu cha Michelin cha mwaka 2017 ilipewa nyota moja. Michelin ni kampuni ile ya Ufaransa inayotengeneza matairi. Kitabu chake husifu restora, na nyingi zinazopata nyota ni za watu wenye feza. Kabla ya Nakiryu, restora moja tu ya rameni ilikuwa imepata nyota hiyo: Tsuta, ya Tokyo vilevile.

Basi tulivaa vitambaa vyetu vizuri, tukitazamia mlango wa kifahari. Tulikuta mlango mdogo na watu wamepanga mstari kando ya barabara. Mbele yetu alisimama mzee mwenye nguo za kazi, nyuma yetu wanafunzi. Tulisimama zaidi ya saa moja, na hakuna aliyesukuma wala kumpita mwenzake.

Ndani mna viti kumi tu, vyote mbele ya meza moja ndefu inayotazama jiko. Unalipa kwanza kwenye mashine: unaingiza feza, unafinya mahali pa chakula unachotaka, inakutolea tikiti. Sisi Kijapani hatukisomi, kwa hiyo kijana mmoja wa kazi alitusaidia kwa kidole na kicheko. Kila bakuli halikufika dola kumi.

Tuliletewa tantanmen: mchuzi wa ufuta uliosagwa, pilipili, uchachu kidogo, na nyama ya nguruwe iliyosagwa juu yake. Tulipoonja tulitazamana. Ni kama sombe ya karanga iliyopikwa na mtu asiye na haraka! Vijiti vilitushinda mwanzoni. Majirani zetu walivuta tambi kwa kelele, na huko si kukosa adabu. Watoto wetu wangefurahi.

Lakini macho yetu yalibaki kwa wapishi. Walipika vyakula vichache, vilevile kila siku. Walitikisa maji ya tambi, wakapanga kila bakuli kama la kwanza. Restora nyingi za rameni, mchuzi ukiisha, mlango unafungwa. Hakuna kinachobaki kuharibika. Na kila aliyemaliza alisimama, akamwambia mpishi asante, ndipo akatoka kumwachia mwingine kiti.

Hapo mioyo yetu ilituuma.

Wamama, tuseme ukweli. Mwaka uliopita ni sisi, kamati, tulioandika orodha ya vyakula tisa kwa meza yetu: bugali, wali, sombe, lenga-lenga, maharagi, sambaza, nyama, kuku na ndizi. Tulitaka tuonekane kama restora kubwa. Mama yetu aliamka saa kumi ya usiku kuwasha makaa, na jioni chakula kilibaki. Sisi tulifanya nini? Tulikata hasara kwenye malipo yake. Tulisema, "Aliyepika ndiye ajue kipimo." Kumbe orodha ilikuwa yetu. Yeye ana watoto watano, na kuna mwezi alioenda nyumbani na nusu ya feza yake. Hatukumwambia hata asante.

Tumekwenda kumwona na kumwomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Nipeni sombe, maharagi na sambaza. Hivyo vitatu havitabaki."

Kwa hiyo siku ya posho, baada ya mkutano wa likelemba, tutaleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, tupike vyakula vitatu tu, na sufuria ikiisha tufunge. Pili, chakula kikibaki, hasara iwe ya shirika lote. Tatu, feza zote zilizokatwa kwa mama yetu zirudishwe kutoka sanduku letu. Daftari la malipo tutakuwa nalo mezani, kila mmoja alisome.

Wanaosema sanduku ni dogo, waje pia, tusikilizane. Yeye atakuwa amepika sombe siku hiyo. Tule, tumalize, na kabla ya kusimama kila mmoja amwambie asante.