Ni Nani Amfuataye Askari Aliyepotea?

Tulipotoka Gitega kwenda Muyinga kwa njia ya Karusi, tulikuwa na hotuba iliyoandaliwa vema juu ya wajibu wa askari kwa taifa lake. Hotuba hiyo hatukuimaliza. Mama mmoja mzee, ambaye mwanawe mkubwa aliwahi kutumikia Somalia na mdogo ameingia jeshini karibuni, alisimama akauliza: "Wanangu, mtoto akianguka huko mbali, ni nani amfuataye?" Siku ile tulijibu kwa kifupi, na jibu letu halikuturidhisha sisi wenyewe. Leo twalijibu kwa kirefu.

Swali hilo lina msingi. Tarehe 3 Mei 2022, kambi ya wanajeshi wa Burundi huko El Baraf, Somalia, ilishambuliwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Taarifa ya jeshi letu ilieleza kwamba 10 waliuawa, 25 walijeruhiwa na watano hawakujulikana walipo. Msomaji aitazame hesabu hiyo ya mwisho. Aliyekufa huzikwa na aliyejeruhiwa hutibiwa; asiyejulikana alipo huwaacha jamaa zake wakiutazama mlango kila jioni. Kwa ajili ya mtu wa namna hiyo ndipo ilipobuniwa helikopta ya kutafuta na kuokoa vitani.

Chombo hicho kilianza kwa unyonge. Mwezi Aprili 1944, katika misitu ya Burma, Luteni Carter Harman wa Marekani alitumwa na helikopta ndogo ya Sikorsky kuwachukua rubani aliyeanguka na askari watatu wa Uingereza waliokuwa majeruhi. Injini yake haikuzidi nguvu za farasi 200, na katika joto lile iliweza kumwinua abiria mmoja tu. Harman akaenda na kurudi, injini ikachemka, akalazimika kulala njiani, kesho yake akaendelea hadi wote wanne wakatoka.

Tangu hapo, karibu kila kilichoongezwa katika helikopta hizi kilitokana na mtu ambaye haikuwa rahisi kumfikia. Katika vita vya Vietnam marubani walianguka mbali kuliko mafuta yalivyoruhusu, tena chini ya miti mirefu iliyozungukwa na adui. Ikaja HH-3E, yenye mabamba ya chuma ya kuzuia risasi, bunduki za rashasha, kamba ya kuvutia watu juu, na mrija mrefu puani wa kupokelea mafuta angani. Mwaka 1967 mbili kati yake zilivuka Bahari ya Atlantiki kutoka New York hadi Paris bila kutua, zikijazwa mafuta mara tisa. Ya sasa, HH-60W, iliruka mara ya kwanza mwaka 2019. Matangi yake hubeba takriban lita 2,500, karibu mara mbili ya ile iliyoitangulia, na mwaka 2022 ilipelekwa kazini huku kwetu, Pembe ya Afrika. Hata hivyo, mwaka huohuo wenyewe walitangaza nia ya kupunguza ununuzi kutoka helikopta 113 hadi 75, kwa kuwa makombora ya leo yaweza kuifikia kabla haijamfikia majeruhi. Kwa maoni yetu, wamesema kweli ambayo wauzaji wa silaha hawapendi kuisema.

Sisi tunaoishi milimani tuna fundisho la karibu zaidi. Tarehe 12 Agosti 2012, helikopta nne za Uganda zilikuwa safarini kwenda kuliimarisha jeshi la Umoja wa Afrika huko Somalia. Moja ilitua Garissa salama. Tatu za aina ya Mi-24 zilianguka katika Mlima Kenya. Waokozi wa Kenya walizitafuta kwa siku kadhaa katika ukungu na baridi. Baadhi ya wanajeshi waliokolewa wakiwa hai, wengine walikutwa wamekwisha kufa. Kadiri mtu apandavyo juu ndivyo hewa ipunguavyo uzito, na panga za helikopta hukosa cha kushika. Gitega yenyewe iko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Rubani wa hapa hupiga hesabu ya uzito kabla ya kumpakia mgonjwa wa pili.

Tulipomweleza mama yule haya yote, pamoja na kwamba helikopta hutangulia kuisikia redio ya aliyepotea kabla ya kumwona, alisikiliza kwa utulivu. Kisha akatusindikiza hadi garini.

"Na hiyo redio," akauliza, "betri yake hukaa siku ngapi?"

Tuliporudi Gitega tuliwauliza vijana wa kikosi cha mwanawe swali hilohilo. Wawili ndio waliojibu.