Nani Aamue Kodi ya Mnunuzi?

Katika miji mingi ya Marekani, kodi ya mauzo haipandishwi mpaka wakaazi waipigie kura. Mji Mkongwe wa Zanzibar hauna utaratibu huo. Anayenunua friji sokoni Darajani kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa hulipa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo kiwango chake cha kawaida Zanzibar ni asilimia 15. Tanzania Bara ni 18. Uamuzi wa kiwango cha Zanzibar ni wa Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Fedha hupokelewa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, iliyochukua nafasi ya Bodi ya Mapato Zanzibar (ZRB).

Tajiri na maskini hukatwa sawa, na hapo ndipo penye uzito. Watu wa Unguja wanastahili kuulizwa, shehia kwa shehia, kabla bajeti haijasomwa.

Kura ya maoni wanaijua: Julai 31, 2010 Wazanzibari waliidhinisha kwayo Serikali ya Umoja wa Kitaifa.