Kabati kuukuu la mninga laweza kupokea wageni

WAKAZI wengi wa Tabora wana samani kuukuu za mninga, mti wa misitu ya miombo inayouzunguka mji huo. Kabla ya kuzifanya kuni, yafaa kukumbuka kuwa mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao.

Katika tembe la Kwihara, alikokaa David Livingstone mwaka 1872, mgeni alipokewa barazani. Nyumba ya leo nayo yaweza kuwa na mapokezi yake. Ubao wa kichwani mwa kitanda, ukitundikwa ukutani na kutiwa kulabu, hubeba kofia, miavuli na funguo. Kabati fupi lililong'olewa milango na kulazwa huwa benchi la kuvalia viatu, navyo viatu vikahifadhiwa ndani yake.

Kwanza kagua mbao. Vitundu vinavyotoa unga ni dalili ya wadudu, ambao hupenda zaidi sehemu nyeupe ya nje. Sehemu hiyo ikatwe. Kisha kaza viungo kwa gundi, piga msasa na upake vanishi. Funika pua na mdomo unapopiga msasa, kwani vumbi la mninga huweza kuamsha pumu.

Kila ubao unaotumika tena hupunguza haja ya kukata mti mwingine.