Habari za Mapango ya Bahari ya Mediterania

Jioni hii twataka kuzungumza habari za mapango ya baharini, yaani mapango ambayo milango yake imeelekea maji, na mtu hawezi kuyaingia ila bahari ikiwa imetulia. Mapango ya namna hii yako katika pwani nyingi za dunia, lakini tumechagua yale ya Bahari ya Mediterania, bahari iliyo kati ya Ulaya na Afrika ya Kaskazini. Tumeyachagua kwa sababu habari zake zina mafundisho mawili: moja ni la kuondoa hofu, na la pili ni la kutia hadhari.

Siku moja tulipokuwa tukifundisha somo hili, mwanafunzi mmoja alisimama akauliza, "Bwana mwalimu, ikiwa ndani ya pango hamna shetani, mbona wazee waliogopa kuingia?" Swali lile lilikuwa jema, wala hatukuweza kulijibu vema siku ile ile. Maneno yafuatayo ndiyo jibu letu.

Kwanza na tuulize, pango la baharini hufanyikaje? Ziko njia mbili. Njia ya kwanza ni kazi ya mawimbi. Kila jabali lina nyufa zake. Wimbi likipiga ufa, hewa iliyomo ndani hubanwa kwa nguvu, na wimbi likirudi nyuma hewa ile hufumka. Mapigo hayo yakirudiwa usiku na mchana kwa maelfu ya miaka, ufa hupanuka. Tena mawimbi huchukua mchanga na kokoto, nayo hulisugua jiwe kama seremala asuguavyo ubao kwa msasa. Mahali palipo laini huliwa kwanza, mahali palipo pagumu husalia. Kwa hiyo pango hupata kuta na dari.

Njia ya pili ni kazi ya mvua. Pwani nyingi za Mediterania ni za mawe ya chokaa. Maji ya mvua yapitapo hewani na udongoni huchukua hewa ya ukaa, yakawa na ukali kidogo, na ukali huo huyayusha chokaa polepole. Wenzetu wa Tanga waliopata kuyaona mapango ya Amboni wamekwisha iona kazi hiyo, kwa maana nayo yamo katika mawe ya chokaa. Maji hayo hayo yakidondoka kutoka darini huacha chokaa kidogo kidogo, nayo huganda ikawa kama mishumaa ya mawe, mingine ikining'inia juu, mingine ikiinuka kutoka chini.

Labda msomaji atauliza, ikiwa mapango hayo yalichimbwa na mvua katika nchi kavu, bahari iliingiaje? Jibu ni hili. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kali, na maji mengi yalikuwa yameganda kuwa barafu juu ya nchi. Kwa sababu hiyo bahari ilikuwa chini kiasi cha mita 120 kuliko ilivyo leo. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda, ikayafuata mapango mpaka ndani. Neno hili tulishike, kwa maana tutalihitaji mbele.

Sasa na tuende katika kisiwa cha Capri, karibu na mji wa Napoli katika nchi ya Italia. Kisiwa hiki ni kidogo, chenye majabali marefu ya chokaa yaliyosimama wima juu ya bahari. Kaisari Tiberio wa Roma alihamia huko kiasi cha mwaka wa 27, akakaa huko katika miaka ya mwisho ya utawala wake, uliokwisha mwaka wa 37. Upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa liko pango liitwalo Grotta Azzurra, maana yake Pango la Samawati. Warumi walilijua pango hili, kwa kuwa mwaka wa 1964 zilitolewa humo, chini ya maji, sanamu zao za mawe za miungu ya bahari.

Lakini baada ya Warumi, watu wa kisiwani waliliogopa. Walisema humo mnakaa pepo na majini, na wavuvi walipita mbali. Katika mwezi wa Agosti mwaka wa 1826 walifika wageni wawili kutoka Ujerumani, August Kopisch, mshairi na mchoraji, na rafiki yake Ernst Fries, naye mchoraji. Waliongozwa na mvuvi wa kisiwani, jina lake Angelo Ferraro, wakaogelea mpaka ndani. Hawakuona jini. Waliona maji yanayong'aa rangi ya samawati, kana kwamba taa imewashwa chini yake. Baadaye Kopisch aliandika habari hizo katika kitabu, na tangu hapo wageni hawakukoma kuja.

Je, nuru ile yatoka wapi? Mlango wa juu wa pango ni mdogo sana: upana wake ni kiasi cha mita mbili, na kimo chake juu ya maji ni kiasi cha mita moja tu. Nuru ipitayo hapo ni haba. Lakini chini ya maji liko tundu jingine lililo kubwa zaidi, na jua hupeleka nuru yake kwa njia hiyo. Mfikirie mtu aliye ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha yote, na mlango una nafasi chini yake: nuru humjia kutoka sakafuni, siyo kutoka juu. Ndivyo ilivyo katika pango. Tena, nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi zote zionekanazo katika upinde wa mvua. Ikipita katika maji mengi, rangi nyekundu humezwa kwanza, na rangi ya samawati hufika mbali. Basi nuru iingiayo pangoni huwa imekwisha chujwa na maji, ikabaki samawati. Mtu akichovya mkono wake, huuona kama umepakwa fedha, kwa sababu viputo vidogo vya hewa hushika ngozi na kurudisha nuru. Hivyo ajabu ile ina sababu, na sababu yenyewe yaweza kufahamiwa na mtoto wa shule.

Lakini tusidhani kwamba hofu ikiisha hatari nayo imekwisha. Watazameni wenye mashua wa Capri wafanyavyo. Hutumia mashua ndogo za makasia, zichukuazo watu wachache. Wafikapo mlangoni huwaamuru abiria kulala chali chini ya mashua, kisha mwenye mashua hushika mnyororo uliofungwa katika jabali. Hungoja. Wimbi moja hupita, la pili hupita. Maji yashukapo kidogo, huvuta mnyororo kwa nguvu naye akalala nyuma, na mashua huingia mara moja. Akikosea kwa nukta chache tu, wimbi litainua mashua na kuwabamiza watu kwenye mwamba.

Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tumezoea bahari ijaayo na kupwa sana. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Bahari ya Mediterania haifanyi hivyo. Mara nyingi tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita, na mvuvi wa Mombasa au wa Unguja angeicheka. Asicheke! Mlango wenye kimo cha mita moja ukijazwa nusu, ni nini kinachobaki? Tena pepo zikivuma kutoka magharibi, mawimbi huziba mlango kabisa, na siku hiyo hapana aingiaye. Mgeni aweza kuwa ametoka mbali sana, na fedha yake i mkononi. Ataambiwa arudi zake. Mwenye mashua hafanyi ukatili. Anajua kwamba mlango ule ni wa bahari, siyo wake.

Katika kisiwa cha Sardinia vilevile liko pango kubwa karibu na mji wa Alghero, liitwalo Grotta di Nettuno, nalo lina mishumaa mingi ya mawe. Mwaka wa 1954 zilikwisha jengwa ngazi 654 katika ubavu wa jabali, ili watu wapate kushuka kwa miguu pasipo mashua. Ingawa njia hiyo ni ya nchi kavu, bahari ikichafuka pango hufungwa, kwa maana mlango wake u karibu na maji.

Sasa tufike katika habari ya mwisho, nayo ni ya huzuni. Karibu na mji wa Marseille, kusini ya Ufaransa, mpiga mbizi mmoja, Henri Cosquer, aliligundua pango mwaka wa 1985. Mlango wake uko chini ya maji mita 37. Kutoka mlangoni mtu hupita katika ujia mwembamba wenye giza, zaidi ya mita 100, ndipo atokee katika ukumbi wenye hewa. Katika kuta za ukumbi huo mna picha zilizochorwa na watu wa kale, nyingine zipata miaka 27,000, nyingine kiasi cha miaka 19,000: farasi, nyati, sili wa baharini, na alama za mikono ya watu. Watu hao hawakuwa wapiga mbizi. Waliingia kwa miguu, kwa kuwa wakati ule bahari ilikuwa chini, na pwani ilikuwa mbali kwa kilomita kadhaa. Sasa mwaona kwa nini tuliwaambia mlishike neno lile la barafu.

Mwezi wa Septemba mwaka wa 1991 wapiga mbizi watatu walifariki katika ujia ule. Katika njia kama hiyo tope laini hulala chini, na likitibuliwa kwa miguu, maji huwa kama uji. Taa haifai kitu, na mtu hajui mbele wala nyuma, huku hewa aliyoichukua mgongoni yapungua. Wazee husema, maji usiyoyafika hujui kina chake. Tangu hapo mlango wa pango ulifungwa, na wataalamu tu huruhusiwa kuingia. Watu wengine huenda kuona mfano wa pango hilo, uliofunguliwa Marseille mwaka wa 2022. Mfano huo ulitengenezwa kwa bidii, kwa kuwa bahari yazidi kupanda hata leo. Sehemu kubwa ya pango imekwisha zamishwa, na picha zilizo chini zinaguswa na maji. Mikono iliyotiwa alama kabla ya kuwako mji wowote duniani yaweza kufutika, na hapana atakayeirudisha.

Basi tumjibu mwanafunzi wetu. Wazee waliogopa kwa sababu waliwahi kuona watu wakiingia wasitoke. Walikosea katika kuitaja sababu, wakasema ni pepo. Lakini hawakukosea katika kuiona hatari. Elimu yetu imeondoa jini, haikuondoa wimbi. Kwa hiyo, mtu atakaye kuingia pango lolote la baharini, hapa kwetu au ng'ambo, na afanye mambo manne. Aulize wavuvi wa mahali pale, maana wao waijua bahari yao. Asiingie peke yake. Ajue saa ya maji kujaa kabla hajaingia. Na akiambiwa "leo hapana," ageuke arudi pasipo ubishi. Pango limengoja maelfu ya miaka. Litamngoja hata kesho.