Je, Wajua? Santuri Tatu za Bangladesh

Je, wajua kwamba Ravi Shankar, mpiga sitari mwenye asili ya Kibengali, alitaka kuchangisha dola 25,000 tu? Mwaka 1971 ndugu zake wa Pakistan ya Mashariki, Bangladesh ya leo, walikuwa wameshapigwa na kimbunga, kisha vita ikazuka, na mamilioni wakakimbilia India. Alimweleza rafiki yake, mwanamuziki George Harrison, na Harrison akaanza kupiga simu kuwaita wanamuziki wenzake kwenye tamasha la kuchangisha fedha.

Je, wajua kwamba tamasha lilifanyika mara mbili siku moja? Ilikuwa tarehe 1 Agosti 1971, alasiri na usiku, Madison Square Garden, New York. Watu kama 40,000 walifika. Bob Dylan, Ringo Starr, Eric Clapton na Billy Preston walipanda jukwaani.

Je, wajua kwamba kuna makofi yaliyopigwa kabla ya muziki kuanza? Shankar na sitari yake, Ali Akbar Khan na sarodi, Alla Rakha na tabla, walikaa chini wakawa wanakaza nyuzi na ngozi, wakitafuta sauti zipatane. Waliponyamaza, ukumbi mzima ukashangilia. Shankar akashukuru kwa upole, akawaambia kuwa kama hayo maandalizi yamewapendeza hivyo, anatumaini muziki wenyewe utawapendeza zaidi. Yote hayo yamo kwenye santuri. Mimi huanzia hapo kila ninapoisikiliza.

Je, wajua kwamba albamu, The Concert for Bangla Desh, santuri tatu ndani ya boksi moja, ilitoka Marekani tarehe 20 Desemba 1971? Siku nne kabla yake jeshi la Pakistan lilikuwa limesalimu amri mjini Dhaka. Mwaka 1973 ikapata Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Juu ya boksi ameketi mtoto aliyekonda, na chombo cha chakula kando yake ni kitupu. Kampuni ya santuri haikuitaka picha hiyo. Harrison alishikilia ibaki, na alifanya vyema.

Je, wajua fedha zilikwenda wapi? Za viingilio, dola 243,418.50, zilifika UNICEF mwezi uleule wa Agosti. Za albamu na filamu ya tamasha zikanaswa na watu wa kodi wa Marekani, kwa kuwa tamasha halikuandikishwa mapema kama shughuli ya hisani. Mamilioni ya dola yalikaa karibu miaka kumi! Inaniuma kila nikimtazama yule mtoto.

Albamu ingali inauzwa, na mapato yake huingia katika mfuko wa UNICEF wenye jina la Harrison.