Hesabu ya Uhai na Vifo Rufiji

Daftari la hospitali huonyesha idadi ya wagonjwa waliofika hospitalini. Halimwonyeshi mtoto aliyefia nyumbani, wala halisemi ni watoto wangapi waishio katika vijiji jirani. Kwa hiyo, atakaye kujua kama vifo vinapungua hana budi kuzijua hesabu mbili: idadi ya waliofariki, na idadi ya watu wote ambao miongoni mwao vifo hivyo vilitokea.

Hesabu za namna hiyo zilianza kukusanywa wilayani Rufiji mwaka 1998. Chombo kilichoifanya kazi hiyo ni kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho tangu mwaka 2008 huitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Ulikuwa ushirikiano baina ya Wizara ya Afya ya Tanzania na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, katika mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilikuwa imedai kwamba nchi maskini zaweza kupunguza vifo kwa fedha kidogo, ikiwa fedha hizo zitaelekezwa kwenye maradhi yanayoua zaidi. Mradi ulikusudia kulipima dai hilo katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini.

Njia iliyotumika ni nyepesi kueleza, lakini yahitaji subira. Kwanza, watu wapatao 85,000 waliokaa kaskazini ya mto, Ikwiriri na Kibiti zikiwamo, waliandikwa kaya kwa kaya. Kisha wadodosaji walizirudia kaya zote kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Palipotokea msiba, wafiwa waliulizwa dalili za ugonjwa wa marehemu, na madaktari wakakadiria sababu ya kifo. Hilo ni kadirio tu, kwani homa ya malaria na homa nyingine huweza kufanana.

Takwimu ziliwafumbua macho viongozi. Huko Morogoro, malaria ilisababisha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Basi mipango ikarekebishwa: vyandarua vikahimizwa, na waganga wakafundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa maradhi yote makuu kwa pamoja. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Hata hivyo, mabadiliko ya mwaka mmoja yaweza kuletwa na mvua au mavuno. Ndiyo maana hesabu hupasa kuendelea kwa miaka mingi.

TEHIP ilimalizika mwaka 2004, lakini uandikishaji haukukoma. Washirika wengine walijiunga, kikiwamo Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani. Ushirikiano ulidumu kwa sababu kazi ilikuwa mikononi mwa taasisi ya nchini, na matokeo yalirudishwa wilayani kwa michoro ambayo mpangaji wa bajeti aliweza kuisoma. Katikati ya miaka ya 2010 Rufiji iligawanywa, na Kibiti pamoja na vijiji vya delta ikawa wilaya ya peke yake. Kumbukumbu zilizoandikwa kaya kwa kaya zaweza kupangwa upya kwa mipaka mipya. Jumla ya wilaya nzima haiwezi.

Udhaifu wa kazi kama hii ni kutegemea fedha za nje, ambazo huja kwa muda maalumu. Mfadhili akiondoka, mfululizo wa hesabu waweza kukatika, na pengo la miaka iliyopita halizibiki tena. Tena kila tarakimu imetoka katika kinywa cha mtu, mara nyingi mfiwa. Mtu huyo anastahili kuambiwa majibu yake yamefanya nini. Asipoambiwa, siku moja atachoka kufungua mlango.