Wiki sita uani Kasulu: Gari lililogonga mti lanyooshwa

Wako watu wanaoamini kwamba gari likishagonga mti kwa uso, kazi iliyobaki ni kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje na mizani yake. Imani hiyo haikosi msingi. Hata hivyo, uani kwa mwalimu mmoja mstaafu mjini Kasulu nimeona jambo lifaalo kusimuliwa kwa kirefu, kwani majirani walikwisha mshauri auze, mkewe akiwa wa kwanza kati yao, naye hakuuza.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya dizeli, ya miaka ya 1990. Ndilo lililowasomesha watoto wa nyumba ile kwa kubeba maharage kutoka vijiji vya upande wa Heru Juu hadi sokoni, na mara nyingine hadi Kigoma mjini, safari isiyofikia kilomita 100. Jioni moja ya mwezi wa Machi kijana wao mkubwa alikuwa anateremka kilima huku mvua ikinyesha. Udongo mwekundu wa vilima vya Buha ukilowa hauna urafiki na breki. Gari likaserereka, likaukumbatia mkaratusi. Mkanda ulimwokoa kijana, akatoka na jeraha dogo la paji la uso. Taarifa ikapelekwa polisi, kama Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inavyotaka, na gari likavutwa hadi nyumbani kwa kamba.

Bima waliyokuwa nayo ilikuwa ile ya mtu wa tatu, ambayo humfidia mwingine uliyemdhuru. Gari lako mwenyewe haliangalii hata kidogo. Hapo ndipo mwalimu alipomwita fundi bodi, mzee wa miaka sitini na ushei, aliyejifunzia kazi katika Land Rover za serikali.

Wasomaji wetu wa makamo watakumbuka zama zile. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, vipuri vikawa adimu kuliko fedha zenyewe, hata ikafika wakati magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Fundi wa wakati huo hakuwa na anasa ya kusema “tubadilishe”. Alinyoosha. Mafundi wa namna hiyo wamebaki wachache.

Mzee yule alipofika, mama mwenye nyumba alimwuliza swali moja tu: je, likishatengenezwa, yeye angekubali kumpandisha mwanawe ndani yake? Fundi hakujibu. Alisema, “Mama, ngoja kwanza nipime.”

Kupima ndiko kazi yenyewe ilipo, na ndiko kunakorukwa na wengi. Hilux ya namna ile imejengwa juu ya chesisi, yaani vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, mfano wa ngazi iliyolazwa. Boneti, shoo, bampa na madigadi ni nguo tu. Hufungwa kwa boliti na huweza kuvuliwa kwa asubuhi moja. Mgongo ni chesisi. Baada ya kuivua nguo hizo na kuondoa betri, fundi alichukua futi ya chuma akapima kimsalaba: kutoka tundu la boliti la mbele kushoto hadi tundu la nyuma kulia, kisha kinyume chake. Katika chesisi nzima vipimo hivyo viwili hulingana. Katika ile vilipishana milimita 19. Pua ya gari ilikuwa imesukumwa kuelekea kulia.

Hapo akatoa jibu. Kama mkunjo ungalifika chini ya kibini, au kama chuma kingalichanika penye viungo vya magurudumu, angemwambia mwalimu auze. Mkunjo ulikuwa mbele ya hapo. Angempandisha mwanawe, alisema, lakini kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeamua kipi kinyooshwe na kipi kinunuliwe kipya. Mama akaenda ndani, akarudi na daftari la shule na mikebe ya maziwa. Tangu siku ile kila boliti iliyofunguliwa iliingia mkebeni na kuandikwa ilikotoka. Nimelisoma daftari hilo. Ningependa ofisi nyingi ziwe na kumbukumbu kama zile.

Kuvuta kulichukua siku nne. Nyuma ya gari ilifungwa kwenye shina la mwembe mkubwa, na mbele ikafungwa minyororo hadi mti mwingine kwa winchi ya mkono ya tani 3. Kanuni ya mzee ni kwamba kilichokunjika mwisho hunyooshwa kwanza, na mvuto huelekea kinyume cha pigo. Alivuta kidogo, akagonga chuma kwa nyundo kikiwa bado kimekazwa ili kitulie, akalegeza, akapima tena. Chuma kina ukaidi: hurudi nyuma kidogo kila unapokiachia, hivyo hukivuta kupita kipimo unachokitaka. Magunia yaliyolowa yalitandikwa juu ya minyororo, kwa sababu mnyororo ukikatika huruka na huweza kuua, nao watoto wote walipelekwa kwa bibi yao. Kijana mmoja msaidizi alitaka kupasha moto chesisi kwa gesi ili ilainike upesi. Mzee alimzuia kwa ukali: chuma kikiungua hupoteza nguvu yake bila kuonyesha kwa macho. Siku ya nne jioni vipimo vilipishana milimita 3, tofauti ambayo mafundi wengi wa bodi huikubali.

Sehemu za usukani hazikunyooshwa. Tairodi moja ilikuwa imepinda kama upinde, na mkono wa chini wa gurudumu la kulia ulikuwa na ufa. Vitu hivi vikikatika njiani dereva hana la kufanya, na fundi anayevipiga nyundo ili kumwokolea mteja fedha hamwokolei kitu. Vipya viliagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma, na familia ikangoja majuma mawili. Mkanda wa dereva nao ulibadilishwa, kwani mkanda uliokwisha mzuia mtu katika ajali umenyooka nyuzi zake. Rejeta ilikuwa ya shaba, ikazibwa kwa lehemu. Feni iliyokuwa imeikwaruza ikatupwa. Injini haikuwashwa hata mara moja kabla ya maji na oili kukaguliwa.

Lazima niseme hapa kwamba si kila gari hukubali tiba ya uani. Magari madogo yaliyojaa mjini siku hizi hayana chesisi ya ngazi. Bodi yenyewe ndiyo mgongo, na pua zake zimeundwa zikunjike kwa makusudi ili pigo liishie humo badala ya kumfikia abiria. Wazo hilo lilibuniwa na mhandisi Béla Barényi, na Mercedes-Benz ikaanza kulitumia katika gari la kuuzwa mwaka 1959. Pua iliyokwisha kunjika, kisha ikanyooshwa kwa nyundo na kujazwa puti, haitakunjika tena kwa namna ile. Mengi yake yana pia mifuko ya hewa, ambayo huweza kulipuka usoni mwa fundi asiyeondoa betri na kusubiri dakika kadhaa. Gari la namna hiyo likiumia vibaya, lipelekwe kwenye karakana yenye vifaa vya kulipimia.

Habari ya puti na rangi nitaipita haraka, ingawa ndiyo inayosifiwa na wapita njia. Boneti na madigadi yalinunuliwa yaliyotumika, yakapigwa msasa namba 80 hadi 600, yakapuliziwa rangi siku mbili zisizo na mvua. Kinachostahili kutajwa ni loki ya boneti: ilifungwa na kufunguliwa mara ishirini mbele ya mwalimu, na ndoano yake ya pili ikajaribiwa peke yake, maana boneti inayofunguka kwa kasi humfunika dereva macho.

Magurudumu yalipangwa kwa uzi uliovutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kila upande. Kisha mwaga maji ukafanywa barabarani, gari likaendeshwa polepole kuyapita, na mzee akachuchumaa kuzitazama alama. Za nyuma zilikaa juu ya za mbele. Gari lililonyooshwa vibaya huacha njia nne na hutembea upande kama kaa.

Nilipoondoka ilikuwa magharibi, mkaguzi wa magari wa polisi akitarajiwa kesho yake. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya ukuta wa jikoni, taa zimewashwa. Moja iliangaza ukutani kwenye alama ya chaki. Ya pili ilikuwa inatazama migomba. Mama alishika bisibisi, akaizungusha skrubu kidogo kidogo, naye mzee akiwa amesimama nyuma yake anamwambia, “Bado, mama. Bado kidogo.”